Jibu: Nikosapo usingizi, ni dhamiri au woga?

Ndugu yangu, umeuliza kama kukosa usingizi kwa zile lumbesa za viazi, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo kwa bei ya gunia la kawaida, ulizonunua kwa yule mama wa Uyole ni dhamiri au woga tu. Jiulize: ungehakikishiwa kwamba hakuna atakayejua kamwe, ungelala? Woga hutulia siri ikifichika. Dhamiri haitulii, maana shahidi ni wewe mwenyewe.

Usichanganye na aibu pia. Aibu husema "mimi ni mbaya", ukajificha. Hatia husema "nimefanya baya", na hapo pana pa kuanzia.

Niliwahi kumpunja kibarua kule Igurusi, msimu wa mpunga. Nikatoa sadaka kanisani nikidhani nimemaliza. Wapi! Nilipata usingizi siku nilipompelekea hela yake mkononi. Piga hesabu ya viazi vilivyozidi kila gunia, upande daladala kesho asubuhi.