Jibu la Msomaji: Kiingereza chetu na wiki ya kwanza ya masomo Dresden

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mmetuuliza wasomaji iwapo Kiingereza tunachofundishwa sekondari kinamtosha kijana anayekwenda kusoma nje ya nchi. Swali hilo limenigusa, kwa sababu kila linapoulizwa hapa Tanzania hugeuka upesi kuwa kikao cha kuwacheka watu sarufi na matamshi yao. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi wetu hakwamishwi na Kiingereza huko aendako. Anakwama kwa sababu ameingia darasani akiwa hajawahi kutakiwa kusema anachokifikiri yeye mwenyewe. Nitalieleza hilo kwa siku zangu za mwanzo za masomo mjini Dresden, Ujerumani, nilikokwenda Oktoba 2015 kusomea shahada ya uzamili katika masuala ya maji.

Kozi yetu iliendeshwa kwa Kiingereza, lakini darasani hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa nacho. Walimu walikuwa Wajerumani, na wanafunzi tulitoka Kolombia, Vietnam, Indonesia, Ethiopia na kwingineko, kila mmoja na Kiingereza cha kwao, na sikumsikia mtu akimcheka mwenzake. Kilichonitikisa mimi ni mengine. Kipindi cha kwanza kilianza saa moja na nusu asubuhi, wakati nje ndiyo kwanza kunapambazuka. Hakuna aliyeita majina. Somo zima, mara nyingi, lilipimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, ambao mwanafunzi alipaswa kujiandikisha mwenyewe ili aruhusiwe kuufanya. Kwa mtu aliyetoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alama za majaribio na kazi za muhula humsogeza mbele kabla ya mtihani wa mwisho, na ambako madesa, yaani maelezo ya masomo yaliyonakiliwa, ya mwaka uliopita hupita mkono kwa mkono, huo ulikuwa ulimwengu mwingine. Hayo, hata hivyo, mtu huyazoea kabla ya Krismasi.

Jambo ambalo mpaka leo sijaliacha lilitokea katika wiki hiyohiyo ya kwanza, kwenye somo la mafuriko. Mwalimu aliingia, akasalimia, kisha akaandika ubaoni mistari miwili tu. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mwaka 1845 kina cha mto Elbe hapo Dresden kilifika mita 8.77, na maji yaliyopita yalikuwa mita za ujazo 5,700 kwa sekunde. Mstari wa pili ulisema kwamba Agosti 2002 kina kilifika mita 9.40, na maji yaliyopita yalikuwa mita za ujazo 4,580 kwa sekunde. Akaweka chaki chini, akatuuliza tunaona nini, akanyamaza. Sisi tuliotoka katika shule za namna yetu tuliinakili mistari ile kwa uangalifu mkubwa, na jirani yangu akatoa rula kuipigia mistari chini. Mwalimu aliendelea kusubiri, wala hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kujijibu mwenyewe.

Aliyenyoosha mkono alikuwa kijana wa Bukavu, Kongo, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko cha wote mle ndani. Alisoma kwa Kifaransa tangu utoto wake, na kila sentensi yake ya Kiingereza ilikuwa na shimo katikati ambalo alilijaza kwa neno la Kifaransa au kwa mikono yake miwili. Aliuliza: mwaka 1845 nani alipima? Akaendelea kusema kwamba, kwa maoni yake, maji machache hayawezi kupanda juu kuliko maji mengi, kwa hiyo huenda namba ya 5,700 ndiyo yenye kasoro. Nilihisi joto usoni kwa niaba yake. Nilikotoka, kumwambia mwalimu kwamba namba aliyoiandika ubaoni huenda si sahihi, tena katika wiki ya kwanza, ni jambo ambalo darasa zima lingelisimulia mwaka mzima.

Mwalimu alishuka akaja mpaka kwenye meza ya yule kijana. Alisema kwamba namba yoyote ya zamani inapaswa kuulizwa swali hilo kwanza, na kwamba ile ya 1845 ni makadirio kweli. Kisha akamrudishia mpira: tuseme makadirio yale hayako mbali na ukweli, je, bado haiwezekani? Yule kijana alifikiri, akasema kwa Kiingereza chake cha vipande vipande kwamba basi si maji yaliyobadilika, ni mto. Na ndivyo ilivyo. Mto unapofurika huhitaji nafasi pembeni, na nafasi hiyo watu wakiijengea, au ikajaa mchanga na vichaka, maji hupita kwa shida na hupanda juu zaidi hata yakiwa machache. Kipindi kilipokwisha wanafunzi waligonga meza kwa vifundo vya vidole, kama ilivyo desturi ya vyuo vya huko, na nina hakika kwamba sehemu ya kugonga kule ilikuwa yake.

Jambo lenyewe nililijua. Nimeliona Jangwani, Dar es Salaam, kwa macho yangu. Yeyote aliyekuwapo Dar es Salaam Desemba 2011, mvua ilipolijaza bonde la Msimbazi na baadaye familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, anajua kwamba bonde lile lilikuwa limejaa vifusi, taka, mchanga na nyumba, na kwamba siku hizi mvua ya kawaida tu inatosha kufunga Barabara ya Morogoro pale darajani. Jibu la mwalimu yule nilikuwa nalo kichwani, limekamilika, na daraja lake na mitaa yake, lakini nilikuwa nalo kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilikuwa na sentensi za kutaja, kuorodhesha na kufafanua, zilizoniletea alama nzuri kwenye pepa, na sikuwa na hata moja ya kubishana na namba iliyo ubaoni.

Baada ya kipindi niliongea na yule kijana kwa Kiswahili, yeye cha Bukavu na mimi cha Pwani, nikamwuliza ujasiri ule aliutoa wapi. Alinijibu kwamba hakukuwa na ujasiri wowote. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari kwao una sehemu ya kujieleza kwa mdomo kwa Kifaransa, na mwalimu wao aliwazoeza miezi mingi kutetea hoja wakiwa wamesimama.

Nikifika hapa naona kwamba msimamo niliouanza nao hausimami wote. Kama tatizo lingekuwa malezi ya ukimya peke yake, tungenyamaza hata kwa Kiswahili, nasi hatunyamazi. Darasa la sita, tulipofundishwa kwa Kiswahili, tulinyoosha mikono mpaka tukainuka kwenye madawati tukiita "Mwalimu, mimi! Mimi, Mwalimu!" Kidato cha kwanza mikono hiyohiyo ilishuka, na haikuchukua muda mrefu. Walimu hawakuwa wakali zaidi na sisi hatukuwa wajinga zaidi. Kilichobadilika ni lugha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia ngazi zote, lakini mpaka ninapoandika haya sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika.

Kwa hiyo mnihesabu upande wa waliosema hakitoshi, ingawa si pamoja na wale wanaodai sarufi zaidi. Namzungumzia mwanafunzi wa uzamili. Kijana anayetoka kidato cha sita kwenda China, akaanza kwa mwaka mzima wa Kichina, ana mzigo mwingine. Tena yule ndugu wa Bukavu hakupona kwa ujasiri wake tu, maana kurasa nilizozisoma kwa saa moja yeye alizisoma usiku kucha, na muhula ule ulimtesa. Ninachokiomba ni mtihani wa kujieleza kwa mdomo, ambamo mtahiniwa anapewa dai na kutakiwa alipinge au alitetee. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja atasema hana muda wa kumsikiliza kila mmoja, naye atakuwa na haki, kwa hiyo uanze kidato cha tano na cha sita, ambako idadi inaruhusu, na miaka ya mwanzo ufanywe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha atakayoichagua mwanafunzi.