Piriton si dawa ya usingizi

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa daladala, umri miaka 41. Saa 10 alfajiri niko macho, kwa hiyo napanda kitandani saa 2 usiku, ila usingizi haunichukui mpaka saa 5. Nilishauriwa kunywa Piriton mbili kila usiku. Mwanzo zilinilaza, sasa hata nne hazifui dafu. Rafiki yangu anasema nihamie Valium. Ni salama?

JIBU: Si salama, na Piriton ya tano usiimeze.

Suala hili naletewa kila mara, na limenichosha. Piriton ni dawa ya mzio: chafya, mafua ya vumbi, miwasho. Kusinzia ni athari yake tu, na mwili huizoea ndani ya siku chache. Ndiyo maana umetoka mbili ukafika nne. Lakini dawa yenyewe haitoki upesi. Ukimeza saa 2 usiku, kesho yake alasiri karibu nusu inaweza kuwa bado imo kwenye damu, nawe umebeba abiria, kinywa kikavu, kichwa kizito, mguu unachelewa kwenye breki.

Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, ndiyo mbaya zaidi. Hukaa mwilini siku kadhaa, wiki chache zinatosha kukufanya tegemezi, na ikikutana na pombe inaweza kukata pumzi. Anayekuuzia bila cheti cha daktari hakusaidii, anafanya biashara. Aliyeitumia kwa miezi naye asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Aende hospitali apunguziwe taratibu.

Ndugu yangu, unalala mapema mno. Kwa muda wa saa tatu nzima unagaragara ukiwaza hesabu ya tajiri, na kitanda kimezoea hivyo. Piriton iache. Panda kitandani saa 4, amka saa 10 ileile hata siku ya mapumziko. Zikipita kama dakika 20 hujalala, ondoka ukakae sebuleni, taa hafifu, simu mbali, urudi ukianza kusinzia. Siku za mwanzo utachoka zaidi, hivyo anza ukiwa na mtu wa kukushikia gari. Mwachie deiwaka usukani. Usingizi ukitulia, kila wiki panda kitandani robo saa mapema zaidi. Kahawa ya stendi saa 11 jioni nayo iache, maana saa 4 usiku karibu nusu ya kafeini bado unayo. Na kama mkeo anasema unakoroma kisha pumzi inakatika, nenda hospitali kwanza. Ukiwa na hali hiyo, Valium ni hatari maradufu.

Na ninyi mnaowapa wazee Piriton ili nyumba ilale: babu mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo usiku huohuo, na bibi akaamka kwenda chooni amechanganyikiwa, akaanguka akavunjika nyonga. Mtoto anayelia usiku naye atafutiwe kinachomliza. Shira ya mzio si ya kumnyamazishia, hata kama muuza duka amesema haina madhara.