Kabla ya Kuita sort(), Fahamu Inavyopanga Namba

Nilipokuwa mgeni katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo programu ndogo ya kuonyesha bei za vitambaa vyake, kuanzia ya chini hadi ya juu. Nilitumia sort(), mbinu ya lugha hiyo ya kupanga safu (yaani orodha ya thamani), bila kuipa maelekezo yoyote. Siku ya kuikabidhi, mama huyo alifungua simu yake akakuta kitenge cha shilingi 12000 kimetangulia, kikifuatiwa na cha 25000, kisha leso ya 3500, na mwisho kanga ya 9000. “Mwanangu,” akaniuliza, “kwa hiyo kanga hii ya elfu tisa ndiyo ghali kuliko zote?” Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata usiku ule. Usipoipa sort() kanuni ya kulinganisha, huchukua kila kipengele cha safu kama maandishi, kisha hulinganisha alama moja baada ya nyingine kutoka kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno. Ndiyo maana 1 ya 12000 ilitangulia 9 ya 9000, na ukubwa wa namba haukutazamwa kabisa. Dawa yake ni kuandika bei.sort((a, b) => a - b). Tofauti ikiwa hasi, a hutangulia. Ikiwa chanya, b hutangulia. Ikiwa sifuri, viwili hivyo hubaki katika mfuatano wao wa awali, jambo ambalo limekuwa sharti rasmi la lugha tangu toleo la mwaka 2019.

Nilidhani nimemaliza, kumbe ukurasa mwingine, uliopaswa kuonyesha bidhaa kwa mfuatano wa kuingizwa dukani, nao ulikuwa umevurugika. Mbinu za map() na filter() hurudisha safu mpya na kuiacha ya awali kama ilivyokuwa, lakini sort(), reverse() na splice() huibadilisha safu ileile uliyonayo. Kuipa safu jina la pili hakusaidii, kwa kuwa majina yote mawili yanaelekea kwenye safu moja. Kwa hiyo nakili safu kwanza kwa slice(), ndipo upange. Toleo la mwaka 2023 lilileta toSorted(), ambayo hurudisha safu mpya iliyopangwa, nami ninaipenda kwa dhati. Ila vivinjari vya zamani havina mbinu hiyo, na kama wateja wako wanatumia simu za siku nyingi, slice() ni salama zaidi.

Kwa reduce(), mbinu inayounganisha vipengele vyote vya safu kuwa thamani moja, nina neno moja tu: ipe thamani ya kuanzia, yaani 0 unapojumlisha, kwa sababu bila hiyo kikapu kitupu cha mteja kitasababisha hitilafu na programu kusimama.

Kilichoniponza zaidi ni data ya majaribio. Bei zote nilizojaribia nyumbani zilikuwa na tarakimu tano, na namba zenye tarakimu sawa hupangika vizuri hata zikilinganishwa kama maandishi. Sasa kila safu ninayoijaribia ina 9, 10 na 100.