Pointi zikilingana, nani bingwa? Maswali yenu kuhusu sataranji ya timu

Shikamoo mwalimu. Tulishinda mechi mbili 4–0, tukafungwa moja 1.5–2.5. Waliochukua kombe walishinda zote tatu, kila moja 2.5–1.5. Sisi tuna jumla ya 9.5, wao 7.5. Imekuwaje?

Marahaba. Kila mechi yenu ina bodi nne, na kila bodi ina gemu lake. Ninyi mmejumlisha pointi za bodi, yaani 1 kwa kila gemu mliloshinda na nusu kwa sare. Mwandaaji amejumlisha pointi za mechi: timu iliyoshinda inapata 2, sare 1, iliyofungwa 0, hata kama tofauti ni kubwa kiasi gani. Kwa hesabu hiyo wao wana 6 na ninyi 4. Olimpiadi ya Sataranji, yaani mashindano ya dunia ya timu za mataifa, ilienda kwa pointi za bodi kwa miaka mingi, ikahamia pointi za mechi mwaka 2008 kule Dresden, na mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Zamani timu iliyopangiwa wanyonge raundi za mwisho iliweza kuvuna 4–0 na kuwapita wenzao waliokuwa wakikabana koo na vigogo.

Nahodha alimwambia mchezaji wetu aombe sare wakati gemu linaendelea. Si kosa?

Si kosa. Kwa kawaida nahodha anaruhusiwa kumwambia mchezaji wake aombe sare, aikubali, au akubali kushindwa. Asichoruhusiwa ni kusema lolote kuhusu hali ilivyo kwenye bodi.

Sonneborn-Berger ni kitu gani? Kila mwaka nasikia timu imekosa medali kwa sababu yake.

Swali hili nalipenda. Ni kigezo cha kuzitenganisha timu zilizolingana pointi. Tunarudi kwa kila mpinzani mliyecheza naye, tunachukua pointi za mechi alizomaliza nazo mashindano, tunazizidisha kwa pointi za bodi mlizopata dhidi yake, kisha tunajumlisha.

Tuseme mlimfunga 4–0 mpinzani aliyeishia na pointi 6: mnapata 24. Kwingine mlifungwa 1.5–2.5 na timu iliyomaliza na 16: nako mnapata 24! Kufungwa kwa shida na kigogo kumelingana na kumfagia mnyonge.

Nikiwa mwamuzi nilisimama karibu na bodi ya nne ya timu iliyokwisha kupoteza mechi. Wenzake kijana yule wameshavaa makoti, yeye amebaki na mfalme na ngome, anakimbizwa huku na huku, saa yake ina dakika moja. Akapata sare. Mezani ilionekana nusu pointi ya kufutia machozi, lakini kama mpinzani huyo angemaliza na 16, nusu ile ingekuwa 8 kwenye hesabu ya mwisho. Kwa hiyo nawasihi manahodha: msiwaruhusu vijana kuachia gemu eti mechi imeshaisha.

Kwenye Olimpiadi mpinzani mwenye pointi chache kuliko wote huondolewa kwenye hesabu, ili timu isiumie kwa kupangiwa dhaifu mno mwanzoni. Kigezo hiki kimeamua dhahabu mara kadhaa. Mwaka 2016 kule Baku, Marekani na Ukraine zilimaliza na 20 kila moja, Marekani ikatwaa. Mwaka 2018 kule Batumi zilikuwa tatu zenye 18: China, Marekani na Urusi, zikapangwa kwa mfuatano huo. Mwaka 2022 kule Chennai, Uzbekistan na Armenia zilikuwa na 19, dhahabu ikaenda Uzbekistan.

Nusu fainali iliisha 2–2. Tulishinda bodi ya tatu na ya nne, tukatolewa. Kwa nini?

Bila shaka mlitumia hesabu ya Berlin. Ushindi wa bodi ya kwanza una uzito wa 4, ya pili 3, ya tatu 2, ya nne 1. Ninyi mlipata 3, wenzenu 7. Na kama mngegawana bodi ya kwanza na ya nne kwa upande mmoja, ya pili na ya tatu kwa upande wa pili, ingekuwa 5–5. Hapo wengi hufuta matokeo ya bodi ya nne na kuhesabu upya, na aliyeshinda ya pili na ya tatu ndiye anayepita. Inauma, najua, ila mtoano lazima mmoja aende.

Kwa nini tusiangalie tu nani alimfunga mwenzake?

Kwenye ligi ambayo kila timu inakutana na zote, sawa kabisa, ingawa A akimfunga B, B akamfunga C, na C akamfunga A, mmerudi palepale. Kwenye mfumo wa Uswisi, ambamo kila raundi timu hupangiwa wenzao wenye pointi zinazokaribiana, timu mbili zilizolingana huenda hazikukutana kabisa.

Imebaki raundi moja na hatukutangaza kigezo. Kamati ichague kipi?

Waiteni manahodha wote leo, kabla ratiba ya raundi ya mwisho haijatoka, wakubaliane kwa maandishi na kila mmoja atie saini. Wakishindwa kukubaliana, timu zitakazolingana kileleni zicheze mechi ya ziada ya gemu za haraka. Kamati isichague kigezo peke yake baada ya kuona matokeo, kwa sababu kila kigezo mtakachokishika wakati huo tayari kina jina la bingwa ndani yake.