Kampuni ya jengo haijibu, na muuzaji anachoka

SWALI: Dada, salamu nyingi. Naishi Leicester, nafanya kazi ya zamu ghalani. Mwezi wa pili bei yangu ya pauni 148,000 ilikubaliwa kwa fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ya lizihodi, yaani unanunua haki ya kuimiliki kwa miaka maalumu, na miaka iliyobaki ni 94. Nilidhani Pasaka haitapita kabla sijashika funguo. Sasa ni mwezi wa sita, na kila nikimpigia wakili wangu jibu ni moja: tunasubiri karatasi za kampuni inayosimamia jengo. Nikapiga simu kwao mwenyewe. Aliyepokea akasema hawezi kuzungumza nami kwa sababu mimi si mteja wao. Wiki iliyopita zikaja kurasa nane. Hesabu ni za mwaka mmoja badala ya mitatu, na kuna mstari unaosema notisi ya ukarabati wa paa imeshatolewa, basi. Dalali anasema muuzaji amechoka, wiki mbili zikipita anairudisha fleti sokoni. Ofa ya mkopo inakwisha tarehe 9 mwezi wa nane. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa tisa na mwenye nyumba tunakopanga anataka kujua kama tunatoka. Rafiki yangu ananishauri nimwambie wakili aache maswali, tusaini, mengine tutayamalizia tukiwa ndani. Nifanye nini? – M., Leicester

JIBU: Mdogo wangu M., hongereni kwa mgeni anayekuja, Mungu amlete salama. Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana ndio ulionishtua katika barua yote: usisaini. Hapa England, mpaka mawakili wabadilishane mikataba iliyosainiwa, wewe na muuzaji kila mmoja anaweza kuondoka. Baada ya hapo umefungwa, arbuni yako iko mezani, na hiyo paa ni yako pia.

Nimeandaa mafaili ya mauziano katika ofisi ya mawakili kwa miaka 16, na kisa chako nimekiona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Huyo aliyekwambia wewe si mteja wao alisema kweli. Karatasi unazosubiri, majibu ya ile fomu ya maswali kuhusu jengo iitwayo LPE1 pamoja na viambatisho vyake, huombwa na upande wa muuzaji, na kwa kawaida muuzaji ndiye anayezilipia. Wakili wako anamwandikia wakili wa muuzaji, wakili wa muuzaji anaiandikia kampuni, na kampuni haigusi kitu mpaka fedha iingie. Ukimsukuma wakili wako unamsukuma mtu aliye mwisho wa foleni.

Kuna faili moja sitalisahau. Mnunuzi alikuwa mama mwenye watoto wawili, amesubiri wiki sita, na sote ofisini tunailaumu kampuni. Siku moja nikaamua kuuliza swali la kitoto: ankara ya karatasi ililipwa tarehe ngapi? Kimya. Kesho yake ikaonekana ilipelekwa kwenye barua pepe ya muuzaji, ikaangukia kwenye barua taka, na haijalipwa hata senti. Ilipolipwa, karatasi zilifika ndani ya siku tisa.

Basi swali lako la kesho kwa wakili lisiwe "imefika wapi?" Mwombe akuulizie mambo matatu kwa maandishi: ankara ililipwa lini, maswali ya nyongeza yalipelekwa kampuni tarehe ngapi, na nani hasa pale ameyapokea. Kisha mpigie dalali. Dalali halipwi mpaka fleti iuzwe, kwa hiyo ana sababu ya kumsumbua muuzaji kila asubuhi, na muuzaji ni mteja wa kampuni. Yeye hawawezi kumkatia simu kama walivyokukatia wewe. Kampuni ikiendelea kukaa kimya, muuzaji ana haki ya kulalamika rasmi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014 kila wakala anayesimamia majengo ya makazi England analazimika kuwa mwanachama wa mpango wa usuluhishi ulioidhinishwa. Malalamiko hayo huchukua wiki nyingi, hayatakuokoa kabla ya mwezi wa nane, lakini nimeona barua inayotaja msuluhishi ikifungua droo zilizokwama miezi.

Sasa vitisho vya soko. Namwelewa muuzaji, huenda naye ana nyumba anayotaka kununua. Lakini mnunuzi mpya atakuja na wakili wake, ataomba karatasi zilezile kwa kampuni ileile, na ataukuta mstari uleule wa paa. Mwambie dalali amfikishie hilo kwa upole. Wewe ndiye mnunuzi aliye karibu kuliko yeyote atakayempata.

Tuje kwenye paa, maana hapa ndipo penye fedha. Sheria ya mwaka 1985 ya wenye majengo na wapangaji, kifungu cha 20, inasema hivi: kazi ikiwa itamgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250, lazima wenye fleti waulizwe maoni kwanza. Hupewa notisi ya kwanza inayoeleza kazi, wana siku 30 za kutoa maoni, kisha huja notisi ya pili yenye makadirio ya bei na siku nyingine 30. Kwa hiyo "notisi imetolewa" halikutoshi kama jibu. Notisi ipi, ya kwanza au ya pili? Kama ni ya pili, makadirio yako wapi? Fungu la fleti yako ni asilimia ngapi ya gharama yote? Mfuko wa akiba wa jengo una kiasi gani? Muuzaji mwenyewe alipelekewa notisi hiyo. Pengine iko kwenye droo ya jikoni kwake. Aitoe leo, msiisubiri kampuni.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu yalinikuta. Fleti yangu ya kwanza niliinunua kabla sijaingia kazi hii, nikiwa na haraka kama yako. Siku ya kumi na moja baada ya kuhamia nilirudi kutoka kazini usiku, nikasukuma mlango ukakwama kwenye bahasha ya kaki. Pauni 3,860, fungu langu la matengenezo ya lifti. Lifti yenyewe haikuwa ikifanya kazi. Nilikuwa nimepanda ngazi na mifuko miwili ya sokoni, nikaketi palepale kwenye kapeti na koti mwilini, naisoma upya nikidhani nimeongeza tarakimu. Notisi ilikuwa imetolewa miezi saba kabla. Hakuna aliyeiuliza. Kumlipa kampuni kulinichukua miaka miwili.

Dawa yake ipo, na wakili wako anaijua: sehemu ya fedha za muuzaji izuiliwe. Mnakubaliana kiasi, kinabaki kwa wakili baada ya mauziano, ankara ya paa ikija inalipwa humo, kikibaki kinarudi kwa muuzaji. Akikataa kabisa, bei ishuke. Ombeni hivyohivyo kwa hesabu za miaka miwili zisizokuwepo, maana hesabu za mwaka zikifungwa huwa kuna upungufu ambao wenye fleti hudaiwa, na ankara ikitoka baada ya wewe kuingia itakuja kwa jina lako.

Miaka 94 iliyobaki ya lizihodi isikunyime usingizi. Zamani ungesubiri miaka miwili ya umiliki kabla ya kudai nyongeza ya miaka hiyo. Sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Kama jengo lina urefu wa mita 11 au sakafu tano na zaidi, wakili aombe pia vile vyeti viwili vya sheria ya usalama wa majengo ya 2022, cha mwenye fleti na cha mwenye jengo. Wakopeshaji huvitazama sana, na navyo huchelewa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kampuni hiyo utaihitaji tena ukishalipa. Mara nyingi kwenye daftari la ardhi kuna kizuizi, kwamba jina lako halitaandikwa mpaka kampuni itoe cheti kuwa masharti yametimizwa. Waulizwe sasa hivi hicho cheti ni bei gani, na wanataka hati zipi zisainiwe. Zikiandaliwa mapema, hutakaa miezi mingine fleti ni yako lakini daftari linamtaja mwingine.

Kwa mkopo, usingoje Agosti. Mpigie mkopeshaji au wakala wako wa mikopo wiki hii uombe nyongeza ya muda. Huenda wakataka hati mpya za mshahara, hivyo ziweke tayari, na kama mkeo ataanza likizo ya uzazi waelezeni ukweli. Maswali yenyewe ya jengo unaweza kuyapeleka kwa Leasehold Advisory Service. Wanashauri bure kwa England na Wales, nami huwatuma watu kwao kila mara.

Na chumba mnachopanga, msikiachie. Mwambie mwenye nyumba kwamba tarehe ya kutoka utampa siku mikataba ikibadilishwa, kabla ya hapo huna tarehe. Akikubali mwezi kwa mwezi, mshukuru na mwandikishane. Mtoto akizaliwa hapo mlipo, sawa tu, atahamia akiwa mgongoni.

Notisi ya paa ikipatikana, nipigie picha kurasa zote uniandikie tena. Nataka kuona hiyo asilimia ya fleti yako kabla hujasaini.