Muulize Shangazi: Meya hayupo, na hata angekuwepo

Kwa wageni wa safu hii: nilikaa miaka kumi na mmoja dirishani kwa karani wa mji mmoja mdogo jimboni Maine, Marekani. Barua za mwezi huu zote zimetoka huko huko, basi nazijibu pamoja.

*Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili Maine. Mwezi wa tatu gari langu liliingia shimo karibu na kazini, tairi likapasuka na rimu ikapinda. Nikaomba ruhusa, nikavaa koti na tai, nikaenda ofisi za mji kumwona meya. Dada wa mapokezi akaniambia meya hayupo, ana kazi yake ya kuuza nyumba, hapo huja Jumatatu jioni mara mbili kwa mwezi. Nimeona kama nafukuzwa kistaarabu kwa kuwa mimi mgeni. Nipande kwa gavana?*
*— Tairi Moja*

Marahaba, mwanangu. Pole ya tairi, na hongera ya tai. Kwa gavana usiende. Yule dada hakukudanganya hata neno moja.

Sisi tumezoea kupanda ngazi: mwenyekiti wa mtaa, diwani, mkuu wa wilaya, na kila anayepanda ana kiti kikubwa zaidi. Miji mingi midogo ya Marekani haiko hivyo. Wananchi wanachagua madiwani wachache, mara nyingi saba. Madiwani wale ni majirani tu: mwalimu mstaafu, mwenye duka la baiskeli, nesi wa zamu ya usiku. Posho yao ni ndogo. Wao wanamwajiri meneja wa mji, mtu wa mshahara aliyesomea kazi hiyo, na wakimchoka wanamtoa. Meneja ndiye mwenye wakuu wa idara chini yake: barabara, zimamoto, maktaba, maji taka. Mtindo wenyewe si mpya. Staunton, Virginia, uliajiri meneja wake mwaka 1908, na Dayton, Ohio, ulihamia mfumo huu mwaka 1914, baada ya mafuriko ya 1913 kuuonyesha mji ule ulivyokuwa umelegea.

Na meya? Katika miji ya namna hii huwa ni diwani kama wenzake, ila amepewa nyundo ya kuongozea kikao. Chukua South Portland, hapo hapo Maine, wenye watu 26,000 na kitu. Madiwani ni saba, na wao wenyewe humteua mmoja awe meya. Mwaka 2021 walimteua Deqa Dhalac, mzaliwa wa Mogadishu, na akawa Msomali wa kwanza kuwa meya Marekani. Siku ile simu yangu haikupumzika. Lakini hata kama ungempelekea yeye shimo lako, wa kulifukia wangekuwa watu wa meneja. Ipo pia miji ambayo meya ndiye mwenye rungu kweli kweli, kwa hiyo ukihamia kwingine uliza kwanza.

Sasa shimo. Mwezi wa tatu ni msimu wake: maji huingia kwenye nyufa za lami, yanaganda usiku, yanavimba, mchana yanayeyuka, magari yanapita juu, kipande kinang'oka. Wakati huo viwanda vya lami ya moto bado vimefungwa kwa ajili ya baridi, kwa hiyo mafundi hutumia lami baridi ambayo haishiki vizuri. Wakilifukia leo na likafunguka wiki ijayo, usione hila.

Kuhusu kulipwa rimu, nakwambia ukweli mchungu. Sheria ya Maine inataka mji uwe ulikwisha kujulishwa kasoro hiyo angalau saa 24 kabla hujaumia. Kama hakuna aliyeripoti, huna dai. Kama alikuwepo, mji unatakiwa kupata taarifa yako ndani ya siku 180, basi andika barua leo, ambatisha risiti ya fundi, na uulize idara ya barabara kama shimo lile liliripotiwa na lini. Maine ina sheria ya kumpa mwananchi kumbukumbu za ofisi, na wanapaswa kukujibu kuwa wamepokea ombi lako ndani ya siku tano za kazi. Ndiyo maana nawaambia watu: ukiona shimo, ripoti hata kama hukuanguka wewe. Taja mtaa, namba ya nyumba iliyo karibu na upande wa barabara. Piga picha, weka kiatu pembeni ionekane ukubwa wake. Ripoti yako ndiyo itakayomwokoa jirani yako.

Ukiona idara imelala, nenda barazani, yaani kwenye kikao cha madiwani. Hapo nina kisa changu.

Kabla sijaajiriwa na mji, kituo chetu cha basi kilikuwa giza totoro. Taa ya nguzo ilikufa mwezi wa kumi, na binti yangu alikuwa akirudi shule jioni. Nikajiandikisha kusema kwenye kikao. Kila mtu hupewa dakika tatu, na mezani pana kitaa chenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Nilivyolelewa mimi, mtu haingii kwa watu akadai tu. Nikaanza: mheshimiwa meya, waheshimiwa madiwani, wazee wangu, mabibi na mabwana, kwanza nawashukuru kwa kunipokea katika mji wenu, nawasalimu kwa niaba ya mume wangu ambaye yuko zamu, na jirani zangu wa orofa ya chini… Taa ya njano ikawaka kabla sijafika kwenye taa ya barabarani. Nikapaniki, nikasema, "Kituo cha basi, giza, mtoto," nikakaa. Bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye kufuma soksi kila kikao, akanipigia makofi peke yake.

Nilidhani nimejiaibisha. Kikao kilipovunjika meneja akanifuata mlangoni na kijitabu. Hakuniuliza natoka wapi wala nimekaa muda gani. Aliniuliza namba ya nguzo. Namba! Kumbe kila nguzo ina kibati kimepigiliwa, na nguzo yenyewe ni ya kampuni ya umeme. Mji hulipia taa tu. Bila namba hakuna fundi anayekuja. Kesho yake nikaenda na tochi, nikaisoma, nikampigia. Siku tisa baadaye taa ikawaka. Kwa hiyo wewe, Tairi Moja, tai vaa ukipenda, ila njoo na namba ya nguzo.

*Shangazi, nimenunua gari la mwaka 2016 mnadani kwa dola 4,500. Ofisi ya jimbo wamenirudisha mjini nikalipe kodi kwanza, na karani amekokotoa kutoka dola 35,000! Risiti nimemwonyesha, haikusaidia. Nimeibiwa?*
*— Mnunuzi wa Mnadani*

Mimi nimeitwa mwizi dirishani kwa lugha sita kwa ajili ya swali hili, basi nalijibu kwa upendo. Hujaibiwa. Kodi ya gari ya Maine haitazami ulichotoa mfukoni. Inatazama bei iliyopangwa na kiwanda gari lilipokuwa jipya, na umri wake. Mwaka wa kwanza ni dola 24 kwa kila elfu, kisha 17.50, kisha 13.50, kisha 10, kisha 6.50, na kuanzia mwaka wa sita ni 4 na haishuki tena. Lako limeshavuka huko. Elfu ni thelathini na tano, kila moja dola nne: dola 140. Jirani yako mwenye jipya la bei hiyo hiyo analipa 840, na hata kama kakopa benki hapunguziwi.

Fedha hiyo inabaki mjini kwako, haiendi makao makuu ya jimbo Augusta. Ndiyo sababu unaanzia kwa karani wako. Nenda na risiti, bima, na uthibitisho wa unapoishi. Na usiende siku ya mwisho wa mwezi, nakuomba, foleni hufika ngazini.

*Shangazi, kesi yangu ya hifadhi bado haijaisha, si raia. Naruhusiwa kusema barazani? Halafu ofisi ya leseni wameniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura.*
*— Mama wa Orofa ya Pili*

La kura, jibu ni hapana, na uiandike wazi. Usitie sahihi kwa kumpendeza karani wala kwa kutoelewa swali. Mtu asiye raia akijiandikisha Maine anaweza kuharibu kesi yake yote. Utasikia kuwa Takoma Park, Maryland, wasio raia hupiga kura za mji. Ni kweli, ila ni huko. Kama umeshatia sahihi, mwone wakili wako wiki hii, usingoje.

Kusema barazani, sema. Kwenye maikrofoni watataka jina na mtaa, si karatasi. Ukihitaji mkalimani, mpigie karani siku kadhaa kabla, na umwambie Kiswahili cha wapi. Tuliwahi kumletea mama wa Bukavu mkalimani wa Unguja. Mama akalalamikia barabara ya kwenda masomo, yaani shule, kama wasemavyo kwao, na madiwani saba wakakaa dakika tatu nzima wakielezwa habari za mtaala.