Re: Ziara za lubugo Mpigi, nianzie wapi?

Umeuliza uanzeje kuwapeleka wageni Mpigi, Uganda, waone lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, ikitengenezwa. Kwanza usitie saini. Hiyo karatasi ya kampuni ya utalii inayotaka "gome libanduliwe mbele ya wageni, Juni hadi Agosti" iache hapo ilipo. Waambie unaumwa, waambie umesafiri, waambie lolote. Mambo uliyouliza ya tovuti, bei na sare za wacheza ngoma tutayafikia baadaye.

Mdogo wangu, mutuba hubanduliwa wakati wa mvua. Huku Buganda ni Machi mpaka Mei, kisha Septemba mpaka Novemba. Gome likiwa na maji linaachia vizuri, shina linafungwa majani ya mgomba lisikauke, gome jipya linaota, na mti uleule unavunwa tena miaka mingi. Wageni nao wengi wanakuja kiangazi, kwa sababu ndipo njia za kwenda kuona sokwe wa milimani kwenye msitu wa Bwindi zinapitika bila kuogelea kwenye tope. Mimi nami niliwahi kufanya ziara kama hizi, na hapo ndipo nilipoumia.

Mzee fundi aliniambia nisubiri mvua. Mshauri wangu, bwana mmoja wa Kampala mwenye viatu vilivyochongoka, akasema wageni hawasubiri mvua. Nikamsikiliza mwenye viatu. Tukabandua Julai. Kubandua kiangazi ni kama kuvua soksi iliyogandia kwenye kidonda: gome linakatika vipande na mti unabaki na mabaka. Wageni walipiga picha, wakapiga makofi, wakaondoka. Miti ikaanza kukauka upande mmoja, na haikuwa yangu! Ilikuwa ya familia za mafundi. Nimelipa fidia mpaka pikipiki ikauzwa. Siku hizi natembea kwa miguu, daktari anasema ni afya.

Na huyo mshauri alijua kuuza maneno. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliutangaza ufundi wa lubugo kuwa urithi mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Hilo alilichapisha kwenye kila kijikaratasi, kwa herufi za dhahabu. Maelezo yaleyale ya UNESCO yanasema gome huvunwa wakati wa mvua. Hakuyasoma! Yanasema pia mafundi huliponda gome kuwa nguo bandani, lisikauke upesi. Yeye akanijengesha jukwaa la saruji juani ili picha zing'ae. Gome likakauka kabla halijalainika, mafundi wakawa wanaponda ubao. Jukwaa bado lipo, mbuzi wa jirani wanalipenda sana.

Halafu kuna misiba. Lubugo ni nguo ya mazishi na ya kutawaza kabla ya kuwa mkoba wa mtalii. Familia ikifiwa, fundi anaacha wageni wako na kuhudumia msiba, na ana haki. Mshauri wangu aliita hiyo "utovu wa nidhamu kazini". Nilitamani apigwe na nyundo ya kupondea, ile yenye mifereji mikubwa.

Kwa hiyo, kalenda anaiandika fundi. Kaa naye, akuambie miezi gani anabandua, mti upi umepumzika, nani mwenye mti, na siku gani hatakuwepo. Andika hayo kwanza, ndipo uipelekee kampuni. Wakikataa, waende. Kiangazi waonyeshe vitu visivyougusa mti: kushona, kupaka rangi, hadithi za wazee wa ukoo wa Ngonge, wenye ufundi huu tangu zamani, au wapeleke kwa watengeneza ngoma wa Mpambire, wako hapohapo barabara ya Masaka. Wanaotaka kubandua waje Aprili na viatu vya mvua. Watakuja wachache, sawa, lakini wale wangu wengi wa Julai waliniachia nini?

Bei muulize mtu mwingine, yangu ilikuwa ya kulipa madeni. Sare usinunue. Tovuti sijui, yangu ilikufa kabla ya miti.

Sasa nijibu hapa kabla hujawapigia simu: hiyo mituba uliyowaahidi ni ya nani, na mwenyewe anajua?